Kabureta ya Mzee Abdulwahab

Asubuhi ile Mwanaidi alikaa uani kwetu Chang'ombe ya Dodoma, miguu kainyoosha, karai la mafuta ya taa mbele yake. Ndani ya karai kulikuwa na kabureta ya pampu ya maji, imefunguliwa vipande. Ilikuwa ya Yoramu, mkulima wa mpunga wa Bahi. Yoramu peke yake ndiye aliyekuwa bado anamletea kazi. Wengine walishaacha. Siku hizo kabureta ikiharibika wanaitupa, wananunua nyingine dukani.

Nilimpelekea chai. Akakishika kikombe kwa pindo la khanga, maana mikono ilikuwa na mafuta. Miaka yote alishika hivyo. Khanga zake zote zilinuka mafuta ya taa, hata ile ya Idi.

"Baba Shamimu, umesahau sukari."

"Sikusahau. Imeisha."

"Ungesema, ningejiandaa."

Akanywa hivyo hivyo, uso kaukunja kwa makusudi ili nimwone. Nikaenda kutafuta sukari. Niliporudi majirani walikuwa wamejaa uani. Mwanaidi ameegemea ukuta, roho imeshatoka, kipande cha kabureta bado kiko mkononi. Watu wananiambia nishukuru kwamba hakuugua kitandani. Nawasikia.

Nataka kuandika habari yake kabla wengine hawajaisema wanavyotaka wao.

Mwanaidi alikuwa binti wa Mzee Abdulwahab. Wazungu wa mashamba ya karanga walipoondoka Kongwa waliacha mashine nyingi porini. Mzee alikuwa fundi kwenye karakana yao, naye akajipatia trekta moja, la kijivu, dogo, akaja nalo mjini. Mkewe alikufa mapema akamwachia watoto wawili, Mwanaidi na mdogo wake Bashiri. Bashiri alipelekwa shule. Mwanaidi alibaki na mzee kwenye mashine, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba na viliingia pale vya mzee visipoingia. Alianza kwa kuosha vipande. Baadaye mzee akawa anamwachia kabureta nzima na kwenda kuswali.

Mimi nilikuwa dereva wa trekta hilo. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo, na kuandika kwangu ni huku mnakokuona. Mzee aliniangalia misimu kadhaa, akaona silewi wala sichomi klachi, akanipa binti yake.

Miaka ile petroli ilikuwa shida. Unapanga foleni na dumu unarudi nalo tupu. Kwa hiyo trekta lile lilikunywa mafuta ya taa. Unaliwasha kwa petroli kidogo, likishapata moto unageuza bomba, linaendelea na mafuta ya taa. Mzee alikuwa amelipanua kidogo tundu la jeti, ile njia nyembamba ya mafuta ndani ya kabureta, ili injini ipate kushiba. Kila mtu aliyelipanda alijua. Bashiri naye alijua, alikulia mgongoni mwake. Watu wa Bahi walilijua kwa harufu kabla hawajaliona.

Kisha mzee akafa. Sheikh Swalihu akatugawia mirathi kama ilivyoandikwa, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Nyumba iligawanyika. Trekta halikugawanyika. Likakaa uani kwetu, mafungu mawili ya Bashiri na moja la Mwanaidi, mimi naliendesha, mavuno tunagawana.

Ndipo ikaja ruhusa ya kuagiza bidhaa nje. Kila kitu kikaingia nchini. Sabuni ikarudi, mitumba ikaja, na spea za kila aina, mpya, kwenye maboksi yenye picha. Bashiri akafungua duka la spea karibu na soko. Akanenepa. Na trekta nalo likaanza kuchoka. Linakohoa, linavuta likiwa halina mzigo, ukiliwekea jembe linazima.

Bashiri akaja siku moja, akalizunguka, akalipiga teke gurudumu.

"Dada, tuliuze hili. Watu wa vyuma chakavu wanatafuta mzigo."

"Injini ni nzima," Mwanaidi akasema. "Ni kabureta. Ekseli ndogo inayozunguka ndani yake imekula tundu, inavuta hewa na vumbi la Dodoma lote."

"Basi nikuletee mpya. Ninazo dukani, kwenye boksi."

"Hiyo mpya inakunywa nini?"

"Petroli. Petroli siku hizi ipo, dada. Wewe bado uko kwenye foleni?"

"Mjini ipo. Bahi je? Mafuta ya taa yapo kila kibanda. Hii ya baba nitaijenga upya."

"Utaijenga kwa nini? Kwa kucha zako?" Akanigeukia mimi, anacheka. "Shemeji, mkeo ataolewa na hii kabureta."

"Iliniposa kabla yake," Mwanaidi akajibu.

Wakabishana mpaka Sheikh Swalihu akaitwa. Wakakubaliana mbele yake. Trekta likilima mvua za kwanza mpaka mwisho, haliuzwi, na Bashiri hatalitaja tena. Lisipolima, linauzwa, na Mwanaidi hatasema neno. Mwanaidi alikubali haraka. Kwake ilikuwa kama kuulizwa kama jua litachomoza.

Akaifanya kazi ile kiangazi kizima. Boya la shaba, lile linaloelea ndani ya kikombe cha kabureta na kufunga mafuta yakijaa, alilitumbukiza kwenye maji ya moto. Palipotoa vipovu ndipo palipotoboka. Akapaziba kwa risasi ya kulehemu, akalikwangua tena mpaka likarudia wepesi wake, maana boya likizidi uzito halielei inavyotakiwa. Sindano ya kufungia mafuta aliisaga kwenye kikalio chake kwa majivu laini, anazungusha kwa vidole huku anaongea na wageni. Tundu la ekseli lililolika akalitia pete ya shaba aliyoikata kwenye bomba la zamani. Gasketi alizikata kwenye boksi la sabuni. Jeti ya baba yake hakuigusa. Aliipuliza tu kwa mdomo na kutema mate pembeni.

Tulilijaribu trekta kwenye kiwanja cha mpira. Niliweka jembe, nikageuza bomba kwenye mafuta ya taa, likaenda. Halikukohoa. Bashiri alisimama pembeni na mikono mifukoni. Nilimwona akiliangalia kama mtu anayeangalia mali yake ikiondoka.

Mawingu yalikuwa bado mbali. Ikaja habari kutoka Kondoa kwamba mama mdogo wa Mwanaidi amefariki. Huyo ndiye aliyemlea kidogo baada ya mama yake. Tukaenda, tukakaa matanga. Bashiri alizika akarudi siku ile ile, alisema duka halina mtu. Mvua ikatuangukia kule, mabonde yakajaa, magari hayapiti.

Tuliporudi mjini tulimkuta Yoramu amekaa kwenye kizingiti chetu. Kofia ameiweka gotini. Alitoka Bahi kwa miguu.

"Mbukwenyi, mama," akaamkia kwa Kigogo. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, Yoramu. Nyumbani kwema?"

"Kwema siyo sana. Mdogo wako alikuja na trekta kunilimia. Mvua ilishashuka, nikafurahi. Akalima vizuri, mstari wa kwanza, wa pili. Petroli ikamwishia. Akanunua mafuta ya taa kwa Mwarabu pale, akageuza bomba."

Mwanaidi akamsogelea.

"Likaanza kugonga," Yoramu akasema. "Nikamwambia, bwana, hilo linapika ugali, lizime. Akaniambia mimi nijue ng'ombe. Akaenda tena. Likapiga kelele moja, moshi, basi. Liko shambani kwangu mpaka leo. Watoto wanalichezea."

"Kabureta iliyokuwa mle ni ipi?"

"Mimi sijui kabureta, mama. Iliyokuwamo inang'aa."

Mwanaidi hakuingia ndani hata kuweka mzigo. Tukaenda moja kwa moja dukani kwa Bashiri. Alikuwa nyuma ya meza, anapanga maboksi. Alipotuona akaanza kuongea kabla ya salamu.

"Dada, nilitaka kuwasaidia. Mvua ilikuwa inapita. Ile ya zamani ilivuja usiku nilipoliegesha hapa dukani, imelowesha ardhi yote."

"Ulifunga bomba ulipoliegesha?"

Akageukia maboksi yake. Trekta lile ukiliegesha unafunga bomba, la sivyo mafuta yanavuja. Lilikuwa hivyo tangu yeye anatambaa.

"Nikafunga mpya. Bei yake sikuitaja kwa mtu, ilikuwa zawadi."

Ile mpya haikuwa mbovu, nisiisingizie. Jeti yake ilikuwa nyembamba, ya petroli. Ukiipa mafuta ya taa, injini inabaki na njaa, inapata moto, inajitafuna yenyewe. Pistoni ilitoboka. Nililiona tundu mwenyewe, kidole kinapita.

"Ya baba iko wapi?" Mwanaidi akauliza.

"Nilimpa Khamisi. Alikuwa anapita anakusanya."

Khamisi alikuwa na uwanja wa vyuma chakavu njia ya kwenda stesheni. Tulimkuta anakula miwa. Mtu mzuri tu. Aliinuka akamwamkia mke wangu vizuri.

"Shikamoo, mama. Ile kabureta? Niliipasua nikatoa shaba. Shaba ilishapanda lori, iko Dar es Salaam. Mdogo wako aliniambia haina mwenyewe."

Mwanaidi akamshukuru. Aliokota chini kipande cha chuma kisichokuwa chake, akakigeuza, akakirudisha.

Injini ingeweza kufufuliwa. Pistoni zilikuwepo, na Bashiri mwenyewe angeweza kuagiza. Lakini alikwenda kwa Sheikh Swalihu akasema maneno ni maneno. Mvua za kwanza zimepita, trekta halikulima mpaka mwisho. Sheikh akamwuliza kama haoni haya. Bashiri akasema yeye anasimamia tulichokubaliana. Sheikh alikuwa mtu wa haki na haki ilikuwa imeandikwa upande mbaya. Mwanaidi alikuwa amesema hatasema neno. Hakusema.

Watu wa vyuma chakavu wakaja na mitungi ya gesi, wakalikata pale pale shambani kwa Yoramu. Mwanaidi hakwenda. Mimi nilikwenda. Lile jina la kiwandani usoni mwake ndilo walilolikata mwisho.

Duka la Bashiri likapanuka, akaongeza chumba. Mimi nikapata kazi ya ulinzi. Mwanaidi akaendelea na karai lake, pampu za Bahi, mashine za kusaga, pikipiki moja moja. Kila mwaka zikapungua. Wateja wake wa zamani walikuwa wanapita na kabureta mpya mikononi, wanamwamkia, wanakwenda. Zikiharibika kabla ya msimu kuisha wananunua tena. Hakuwasimanga. Akimaliza kazi alikuwa anageuza karai na kulikalia, anaangalia pale uani trekta lilipokuwa linaegeshwa. Ardhi pale ilikuwa nyeusi kwa mafuta. Hata majani hayakuota.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Siku ya mazishi yake, baada ya watu kurudi kutoka makaburini, Bashiri alisimama uani. Alilia, sikatai. Akasema mbele ya watu kwamba yeye na dada yake hawakuwa na kinyongo. Akasema dada yake alimsamehe habari ya trekta kwa ulimi wake, na mimi ni shahidi. Akanigeukia. "Shemeji, si ndivyo? Waambie."

Watu wakaniangalia. Sheikh Swalihu, amezeeka sasa, akanitegea sikio.

Alichokitaka kilikuwa hicho tu. Neno langu moja, aende nalo nyumbani alale. Kwetu maiti akishazikwa watu huulizwa nani ana lake na marehemu, na mtu husamehe, nami najua ni vizuri kusamehe. Lakini aliniita shahidi, na mimi siku ile nilikuwepo. Bashiri alikuja uani hapo hapo baada ya kuliuza trekta, na bahasha mkononi. Akamwambia dada yake, "Hili fungu lako, theluthi moja, kama sheria inavyotaka." Mwanaidi alikuwa anaosha vipande. Hakuipokea, akabaki ameinama juu ya karai. Akasema mara moja, na habari ile hakuirudia tena mpaka kufa.

Nikawaambia watu alichosema, neno kwa neno, kama ninavyokiandika hapa:

"Fungu langu lilikuwa kabureta ile, Bashiri, na wewe umeshaigawa."