Riteina ya Nashipai

Siku yangu ya kwanza kazini, daktari mfawidhi wa kituo chetu kule Mbulu alinikabidhi koti jeupe lililonipwaya, pamoja na onyo. "Fundi, mgonjwa akikwambia panauma, chungulia kwanza. Maneno baadaye." Niliitikia haraka haraka, macho yangu yakiwa kwenye mashine.

Nilitengeneza meno ya bandia, na baadaye, nilipohamishiwa Karatu, riteina: kile kifaa chembamba cha plastiki na waya kinachoyashikilia meno yaliyokwisha kunyooshwa, yasirudi yalikotoka. Kazi yangu ilisifiwa, na sifa zilinilevya.

Nashipai, binti wa Kimaasai, alitoka Nainokanoka, mbali kule Ngorongoro. Alikuwa amevumilia vyuma vya meno miaka miwili, na siku tulipovitoa alicheka mpaka wagonjwa kwenye benchi wakacheka naye. Nikamvalisha riteina, nikamwambia, "Isafishe vizuri kila siku." Nikaishia hapo.

Wiki ya tatu alirudi, vumbi hadi magotini kwa kukosa gari.

"Shikamoo, Mzee. Inanibana. Fizi inauma."

"Marahaba, mwanangu. Riteina mpya zote hubana. Vumilia, utazoea."

Foleni ilikuwa ndefu. Hata mdomo sikumfungua. Kwao mtu hulelewa asilalamikie maumivu, nami nililijua hilo. Akashukuru, akaondoka.

Aliporudi tena, miezi ilikuwa imepita. Fizi ilikuwa na kidonda, na meno ya mbele yalikuwa yamepishana upya. Niliiweka riteina mezani, ikayumba. Ilikuwa imejikunja, tena ilinuka moshi.

"Ulikuwa unaisafishaje?"

"Kama tunavyosafisha kibuyu cha maziwa. Maji yanayochemka, halafu naifukiza moshi. Si ulisema niisafishe vizuri?"

Plastiki ile haitaki moto. Mswaki laini na maji ya baridi vinatosha. Sentensi moja tu, na sikuisema! Na ile siku ya vumbi, ningechungulia, ningeona. Nilimwomba msamaha, nikajitolea kuanza upya, lakini vyuma kwa miaka miwili mingine alivikataa. Sikumlaumu.

Sasa nimestaafu, nalima mbaazi kijijini Qurus. Vijana mlioingia kazi hii mna vifaa ambavyo sisi hatukuvijua, na mimi sina wivu navyo. Ninachojutia hakikuhitaji kifaa.

Mwezi uliopita nilikutana na Nashipai mnadani Karatu. Nilimtania kidogo kuhusu mbuzi wake, akacheka, na papo hapo kiganja kikaziba mdomo.

"Ulisema nitazoea, Mzee," alisema, mkono ukiwa bado mdomoni. "Nimezoea."