Nguzo za darini alizofunga Papa kwa kamba za mtoni

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mimi ni bibi, macho yanasumbua, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea kutype. Uzi huu sijautia chumvi. Nilikuwepo.

Ni Kisangani, miaka ya hamsini, mji ukiitwa bado Stanleyville.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mvuvi wa kwenye maporomoko ya mto. Kwa wasiojua, kule wavuvi husimika miti mikubwa katikati ya maji yanayokimbia, wakaifunga kwa kamba za msituni, halafu wananing'iniza mitego. Hakuna msumari hata mmoja. Maji yanapiga usiku na mchana na miti imesimama. Papa alikuwa bingwa wa mafundo hayo, na alivyojivunia, acha tu.

Akajenga nyumba ya matofali, sehemu ambayo leo ni mtaa wa Mangobo. Paa la mabati, la kwanza katika ukoo wetu. Mama alikuwa mjamzito na alishasema mtoto huyu hatazaliwa chini ya majani yanayovuja.

Sasa, miti ya paa ilikuwa mirefu. Ilihitaji nguzo fupi kule darini za kuitegemeza katikati. Tonton Anselme, mdogo wake Papa, alikuwa seremala, akataka kuzipigilia misumari. Papa akakataa. Akapanda mwenyewe, akazifunga kwa kamba zake.

"Kamba hii inashika miti mu maji ya nguvu," akamwambia. "Itashindwa na mabati?"

Tonton akarudisha misumari mfukoni. Angembishia vipi kaka yake mkubwa, tena kwenye habari ya kamba?

Mdogo wangu akazaliwa salama. Kisha jua likawaka wiki nyingi.

Jamani, kamba ile mtoni inalowa saa zote, ndiyo maana inabana. Chini ya mabati kulikuwa na joto la tanuri. Ikakauka, ikalegea, na hakuna aliyepanda kutazama.

Mvua ilirudi mchana mmoja na upepo mkali. Mama alikuwa kitandani na mtoto, mimi nimekaa miguuni pao. Tukasikia nguzo zikianguka darini, moja baada ya nyingine. Halafu mti mmoja wa paa ukapasua mikeka ya dari, ukaanza kushuka juu ya kitanda.

Papa akaruka juu ya meza, akaweka bega chini yake.

"Tosha batoto," akamwambia Mama. Watoe watoto. "Mimi niko nashika."

Hakupaza sauti. Mama akambeba mtoto, akanivuta mkono. Tulipofika uani, upande ule wote wa paa ukaanguka.

Majirani walimtoa Papa akiwa hai, namshukuru Mungu hadi leo. Lakini bega halikupona. Mtu asiyeweza kuinua mkono hapandi miti ya maporomoko. Hakurudi mtoni tena, na hilo linaniuma mpaka uzeeni huu.

Nilichojifunza ni kwamba ujuzi una mahali pake. Ukiuhamisha, uliza kwanza wenyeji wa huko. Nyie mnaojenga, mmepanda lini darini kukagua? Semeni hapa, nasoma polepole lakini nasoma zote.

Tonton alipokuja kuliinua paa upya, hakumkumbusha lolote. Papa alisimama chini ya ngazi, akimpandishia misumari kwa mkono wa kushoto.