Jina Lililofutwa

Usiku ule mama hakulala, kwa sababu bintiye hakulala. Binti alikaa kitandani amekumbatia kompyuta, simu pajani, akisubiri habari kutoka kwa rafiki yake aliyebaki kule ofisini. Mama alijifanya anapiga pasi. Nguo zilipokwisha alizikunjua, akaanza upya.

Mtaani walimwita binti Kipanya, kwa jinsi alivyozichokonoa redio za watu tangu utotoni. Alipokua akatengeneza programu ya kutunza nakala za kumbukumbu, ili kompyuta kubwa ikifa, kazi isife nayo. Akaiweka hadharani: atakaye achukue bure, aibadilishe apendavyo, ila jina la mtengenezaji libaki. Bosi wake aliichukua, akalifuta jina, akaiita mali ya kampuni. Binti alipouliza, akafukuzwa.

Mama alikwenda ofisini kumwombea arudishwe kazini. Mlinzi wa mlangoni alipiga simu juu, akarudi akimkwepa macho.

"Bosi anasema hapa hakuna mtu wa jina hilo, wala hajawahi kuwepo."

Na bosi mwenyewe alikuwa dirishani, kikombe mkononi, anamtazama. Kikombe kile mama hajakisahau. Cha bluu, kimemeguka mdomoni.

Sasa simu ya pajani ikaita. Binti akasikiliza, kisha akacheka kicheko ambacho mama hakukipenda.

"Kumbukumbu za wateja zimefutika. Wamekimbilia kwenye nakala, wamekuta za zamani tu, za karibuni hakuna hata moja."

Mama akaiweka pasi chini. "Mwanangu, niambie kweli. Umewategea kitu? Maana polisi wakija hapa, mimi roho itanitoka."

"Sijagusa kitu, Mama. Diski ya nakala ilijaa, nakala mpya zikaacha kuandikwa. Ile programu ikikwama hupiga kelele, humtumia ujumbe mwenye jina lake humo ndani. Bosi alifuta jina na anwani yangu, yake hakuiweka. Imelia wee, hakuna wa kuisikia."

"Kwa hiyo kajikaba mwenyewe?"

"Kwa mikono yake miwili."

"Na hizo kumbukumbu zinaokoleka?"

"Wakiizima mashine sasa hivi, nyingi zitarudi. Wakiendelea kuitumia, mambo mapya yataandikwa juu ya hizo zilizofutika. Na hilo hawalijui."

Kulipopambazuka mlango ukagongwa. Mama akachungulia kwenye upenyo. Bosi, shati limechomoka upande mmoja, mikono mitupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Samahani kwa kuwaamsha. Namtafuta..." Akalitaja jina la binti, lote, mpaka la ukoo. Kumbe analijua! "Aje mara moja tu. Jina lake nitalirudisha, naapa."

Nyuma, binti alishaanza kuvaa viatu. Ndivyo alivyo, kitu kilichoharibika hawezi kukipita. Mama akamwonyesha kiganja: kaa. Binti akabaki na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mama, tafadhali! Mashine bado inawaka, ofisi nzima inahangaika nayo."

"Iacheni iwake," mama akasema, sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. "Umepotea nyumba, baba. Hapa hakuna mtu wa jina hilo, wala hajawahi kuwepo."

Nje, bosi akaanza kupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

Mlango ule ulikuwa na makomeo mawili. La juu lilikuwa halitumiki, lilishashika kutu. Mama akavuta kigoda, akapanda, akalisukuma kwa uzito wake wote mpaka likaingia.