Makaa ya Bonareri

Kila Jumamosi alasiri, baada ya chakula kilichopikwa Ijumaa kuliwa kikiwa baridi, waumini wa kanisa dogo la Kisabato juu ya Birongo, Kisii, hugawana nyumba za kutembelea. Wanatoka wawili wawili, Biblia kwapani, na vijizuu, vile vikaratasi vya mahubiri, ndani ya mfuko. Mzee wa kanisa, Anyona, ndiye husema nani aende wapi. Kwa miaka mingi boma moja halikutajwa: la Mokeira, mong'ina, yaani bikizee, anayeishi peke yake nyuma ya migomba, ambaye watu walimwita mchawi tangu ng'ombe wa jirani walipokufa kwa mfululizo.

Mwezi wa Julai, Bonareri, mama yake Valentine, mjane anayechuma chai yake mwenyewe, aliuliza.

"Mzee, na kwa mong'ina Mokeira anaenda nani?"

Benchi la akina mama likacheka. "Enda wewe, Mama Valentine," alisema Loice, mwenzake wa matembezi kwa miaka mingi. "Ukirudi na miguu yote miwili, utupigie simu."

Anyona hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amehubiri kwamba injili inayobaki kanisani inaoza kama ndizi. "Anayesikia mzigo, na aende," alisema. Loice akasema goti linamuuma. Bonareri akaenda peke yake.

Alimkuta Mokeira kitandani, amejifunika gunia juu ya blanketi. Paa lilikuwa limevuja, kuni zimelowa, na mafigani palikuwa na majivu tu. Mokeira alikula viazi baridi alivyoletewa, akasikiliza zaburi moja hadi mwisho, kisha akasema alichohitaji.

"Mwanangu, neno ni zuri. Sasa niwashie moto."

Bonareri alilelewa na mama ambaye hakuwasha moto tangu jua litue Ijumaa hadi litue Jumamosi, hata mtoto akilia njaa. Mahubiri kuhusu Yesu kuponya wagonjwa siku ya Sabato aliyajua yote. Mkono wake haukuyajua.

"Ngoja jua litue," alimwambia. "Nitakuletea makaa."

Alirudi kwake, akafunga Sabato kwa wimbo na sala, akawasha moto. Makaa yaliposhika aliyatia ndani ya mkebe wa rangi wenye mfuniko, akakata njia katikati ya migomba. Giza lilikuwa limeingia. Mara kwa mara aliufunua mkebe ili makaa yapate hewa, akaufunika tena yasirushe cheche.

Hakuna mtoto wa Kisii asiyeambiwa habari za mwanga wa namna hiyo. Mchawi, inasemwa, hutembea gizani na chungu cha moto, akifunua na kufunika, na aliye mbali huona mwanga ukiwaka na kuzima. Bonareri aliyajua hayo kama kila mtu. Anasema hayakumjia akilini, kwa sababu ndio kwanza alikuwa ametoka kusali.

Ng'ambo ya bonde, Mogire alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Mtoto wake mchanga alikuwa amezikwa juzi, baada ya homa. Aliona mwanga ukiwaka na kuzima, ukiwaka na kuzima, mpaka ukaingia kwa Mokeira.

Jumapili asubuhi Bonareri alisikia kelele akiwa kwenye majani chai. Alipofika kwa Mokeira, umati ulikuwa na mtungi wa mafuta ya taa, mlango ulikuwa umeng'olewa, na Mokeira ameketishwa kwenye tope.

"Sema jana ulikuwa unatoka kwa nani na moto wako!" Mogire alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Mtoto umeshakula. Sasa unamtaka mama yake?"

"Mimi siwezi kutembea, baba," Mokeira alisema. "Hata chooni naenda nimeshika ukuta."

"Hiyo ni mchana!" mtu akadakia. "Usiku unashinda pikipiki."

Watu wakacheka. Anyona alikuwa nyuma yao, amevaa gambuti. Bonareri alimtazama yeye kwanza. Ndiye aliyekuwa amemruhusu kwenda. Anyona aliinamisha macho, akakwangua tope la gambuti moja kwa nyingine. Hapo Bonareri alielewa kwamba akinyamaza Mokeira atachomwa, na akisema, hakuna atakayemtetea yeye.

"Ule moto ni wangu," alisema. "Mkebe uko mle ndani. Niliuleta mimi, Mogire. Mong'ina alikuwa na baridi."

Kisha sauti ya mwanamke: "Kumbe wako wawili."

"Mbona hukuwasha mchana, Mama Valentine?" Mogire aliuliza polepole, kama mtu anayetamani apewe jibu zuri.

"Ilikuwa Sabato."

Wengi pale walikuwa Wasabato. Hakuna kati yao ambaye hangesubiri jua litue, na hilo ndilo lililomwokoa Mokeira: mafuta yalimwagwa kwenye nyumba, si juu yake. Bonareri alimbeba mgongoni hadi kwake, na nyumba ikaungua nyuma yao.

Mokeira sasa analala katika chumba cha Valentine, ambaye amepiga simu kutoka Nairobi kusema Desemba hatakuja. Kanisani hakuna aliyemfukuza Bonareri. Ni kwamba chakula anachopeleka hurudi nacho nyumbani, na benchi analokalia hubaki na nafasi.

Jumamosi moja ya Novemba, saa kumi hivi, Loice na mwenzake mpya walipita kando ya ua wake.

"Loice! Mnanipita?"

"Tumepewa nyumba za upande ule, Mama Valentine."

"Na huku amepewa nani?"

Loice alipanga upya vijizuu mkononi. "Sijui. Muulize mzee."

Bonareri alirudi jikoni, ambako Mokeira alikuwa akitetemeka. Siku hizi hasubiri jua litue. Alifungua mlango na dirisha, akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikashika. Moshi ukapanda juu ya migomba mchana kweupe, aonaye aone.

Barabarani Loice alisimama, akamwonyesha mwenzake.

"Unaona? Hata Sabato ameiacha."