Funda la Maji

Fundi wa Newala haokoti spana kabla ya kusikiliza. Huweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Pikapu kuukuu ya Bwanali ilikuwa ikimisi, ikikatakata kila iliposimama sailensa, injini ikizunguka bila mafuta kukanyagwa, mpaka inazima. Mafundi wa Masasi walibadili plagi, wakapandisha sailensa ili mngurumo ufunike kasoro. Fundi wa Newala aliishusha kwanza. "Mimi sifichi ugonjwa," alisema. "Baba Stamili, niletee maji."

Bwanali, baba wa Stamili, alisita. Maji yao hupanda na kichwa cha mkewe kutoka bondeni, hayachezewi. Lakini siku hizi wanunuzi wa korosho ni wengi, na gari likichelewa kufika kijiji cha Makote, mzigo hubebwa na mwingine. Akaleta kikombe kimoja. Fundi akavuta funda asilimeze, akainama, akapuliza manyunyu taratibu kwenye maungio ya bomba la hewa. Ghafla injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Manyunyu yalipokauka, ikamisi tena.

"Gasketi imepasuka hapa. Inavuta hewa; maji yaliziba ufa kidogo." Kidole chake hakikusogea.

Kisha akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kikiwa bado karibu kujaa. "Mrudishie Mama Stamili. Mwambie fundi hakumwaga."