Mapindo Matatu

Juzi, pale stesheni ya Tabora, nilimwona mtoto aliyekunjiwa mikono ya sweta mpaka ikawa minene kama maandazi, na pua yangu ikajaa harufu ya nta.

Nilikulia Bukene. Mama alifumia spoku mbili za baiskeli, akizipaka nta ya nyuki ili uzi uteleze. Uzi wenyewe tuliufumua kutoka kwenye sweta la jeshi la mjomba, aliyekuwa amerudi kutoka vitani. Alasiri alipomaliza, treni ya Mwanza ilikuwa ikipiga honi. Akanivisha. Mikono ikanifika magotini.

“Mama, hili si langu,” nikalia. “Umemfumia dada Ester.”

“Ni lako, mwanangu. Utakua, nalo litakusubiri.”

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi aketi kwanza. Kisha akakunja kila mkono mara tatu, akayashona mapindo.

Nilinuna hadi jioni. Niliamini kabisa kwamba mama hajui hata kimo cha mtoto wake.

Pindo la kwanza alilifungua shangazi, mwaka uliofuata, baada ya matanga. La mwisho nililifungua mwenyewe kwa wembe, nikiwa tayari msichana wa kujitwika ndoo kubwa. Sweta lote lilikuwa limepauka kwa jua, lakini mle ndani ya pindo uzi ulikuwa bado wa kijani, na ulinukia nta. Nikanyoosha mkono. Sweta lilinifika kwenye kifundo cha mkono sawasawa. Mama hakukosea hata upana wa kidole.