Ribiti za Tangi la Maji

Nimechonga twiga tangu nilipomaliza kidato cha nne, na kwa miaka yote hiyo kazi yangu imepimwa kwa kidole gumba. Mnunuzi hupitisha kidole mgongoni mwa mnyama. Kikikwaruzwa, anamrudisha mezani. Kwa hiyo mikono yangu ilizoea kulainisha, na kwa mazoea hayo nililiharibu garimoshi la kaka yangu.

Kaka alikuwa mchochea moto kwenye reli, zamani za injini za mvuke. Alipostaafu alijenga nyumba Kambu, mahali ambapo angesikia treni zikipita, na kisukari kilipomnyang'anya macho alibaki na hizo sauti. Alikuwa pia na garimoshi dogo la mfano, refu kama shubiri moja, aliloachiwa na injinia mmoja. Lilikuwa la Ulaya. Alisema lina sura ya mtu ambaye hajawahi kula vumbi.

Mwaka jana binti yake anayefanya kazi ng'ambo alipata fundi anayeuza bodi za kubadilishia, yaani maganda ya nje ya magarimoshi ya mfano. Unafungua bodi ya kiwandani, unabaki na chasisi na magurudumu, kisha unalivisha garimoshi bodi mpya. Aliyoinunua ilikuwa na umbo la injini ileile aliyoichochea baba yake. Kila kitu kikaletwa kwangu Mukuyuni, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye mikono.

Kaka alinipigia simu. Siku hizo alikuwa akilazwa na kutolewa hospitalini, na alitaka kuishika injini yake kabla hajaondoka.

"Ndani kata unavyotaka," aliniambia. "Nje usiguse."

"Nimechonga miaka hamsini, mwana wa mama."

"Ndiyo maana nakwambia."

Tulicheka wote wawili.

Mota ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyoachwa, hivyo siku mbili nilikwangua ndani ya bodi kwa kisu, kidogo kidogo, mpaka chasisi ikaingia na skrubu zikashika. Karatasi ya maelezo ilisema mshono ulioachwa na kalibu juu ya bodi uondolewe kwa msasa. Nikauondoa. Ningeishia hapo. Lakini kidole kiliteremka ubavuni, kwenye tangi la maji, kikakuta safu za vipele vidogo kama punje za wimbi.

Ningependa kusema nilidhani ni makosa ya kalibu. Si kweli. Safu zilikuwa zimenyooka mno. Makosa hayapangi foleni. Niliona, na mkono ukaendelea na msasa, kwa sababu sikuweza kuvumilia kitu kilichotoka kwangu kimkwaruze mtu. Nikapaka rangi ya damu ya mzee, nikasugua hadi ikang'aa.

Nilipolipeleka Kambu nilimkuta kaka ameketi nje ya nyumba asubuhi, shemeji, mkewe, akitengeneza chai. Nilimwekea garimoshi mapajani. Alishika bomba la moshi, akatabasamu. Akapapasa chumba cha dereva, akanionyesha pale alipokuwa akiegemeza kiwiko. Kisha vidole vikafika kwenye tangi, vikaenda, vikarudi.

"Limekuwa laini kama twiga wako," alisema, bado akitabasamu. "Ribiti ziko wapi?"

"Lilikuja hivyo."

"Tangi halikuwa na ribiti?"

"Halikuwa nazo."

Akasema kwamba kwenye vituo vidogo, wakingoja treni nyingine ipite, alikuwa akilala ameegemea tangi lile, na akiamka bega lina alama za vichwa vya ribiti zilizoshikanisha mabati yake, safu mbili mbili. Akapapasa tena, upande huu na upande ule.

"Basi nimesahau," alisema. "Na nilidhani hilo peke yake sijasahau."

Shemeji alinipa kikombe. Nikanywa chai yote, nikaomba nyingine.

Kaka alikufa kabla ya mvua. Baada ya mazishi shemeji alinirudishia garimoshi. Alisema tangu siku ile kaka aliacha kusimulia habari za reli. Wajukuu wakimwomba, aliwaambia waende kwa watu wenye kumbukumbu.

Nimejaribu kuzirudisha. Ninachovya sindano kwenye gundi, ninadondosha tone moja moja kwenye tangi, na likikauka ninalipima kwa kidole. Mengine ni makubwa, mengine yametoka kwenye mstari. Upande mmoja umekamilika kwa namna yake.

Mwezi uliopita nilirudi Kambu nikamweleza shemeji yote: msasa, rangi, na jibu nililolitoa pale nje. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake ikichambua mbaazi.

"Mbona unaniambia mimi?" akauliza.